Kafedha Ameingia

Harufu ndiyo iliyotangulia, na Zuleikha aliidharau.

Ilikuwa alasiri ya Jumanne, ofisini Bombolulu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mabati. Alikuwa ameinama mbele ya kabati la mitambo akipangusa vumbi, pua yake ikapata asumini mbichi, ile inayotungwa vikuba vya arusi. Ilitoka ndani ya kabati, katikati ya nyaya na feni. Sasa kabati la mitambo linajulikana linavyonuka: vumbi la moto, plastiki, na siku mbaya mjusi aliyeungua. Asumini haina shughuli humo. Zuleikha akageuka kuona ni nani amejirashia nini, na nyuma yake hakuwapo ila Chrispine, fundi wa kupanda minara, mtu wa bara mwenye upara na jasho la mchana kutwa.

"Chrispine, umekuja na maua?"

"Maua ya nini, madam? Mimi nimekuja na ngazi."

Zuleikha akacheka, akafunga kabati. Kwenye skrini kubwa ya ukutani, katikati ya majina mengi yaliyokuwa yakipanda na kushuka, mstari mmoja ulikuwa umetokea sasa hivi: *kafedha ameingia*. Aliusoma bila kuutia maanani, kama alivyosoma mamia mengine kila siku.

Hapa ni lazima kazi yao ielezwe kidogo, la sivyo kisa hiki hakitakuwa na kichwa wala miguu. Kampuni ilikuwa ya Mansur, mume wa Zuleikha, nayo iliuza intaneti majumbani. Mtambo mkubwa ulikuwa hapo Bombolulu, na minara mitatu ilikuwa Frere Town, Kisauni na Kiembeni. Kila nyumba ya mteja ilikuwa na kisanduku chake. Kisanduku kikiwashwa kinaupigia simu mtambo mkubwa, kinataja jina na neno la siri, kinapewa anwani, kinaingia. Umeme ukipotea, kinatoka. Na mtambo mkubwa ulikuwa na tabia ya mwanamke wa dirishani. Kila aliyeingia uliitangazia minara yote: fulani yuko kwangu, ukimtaka pitia huku. Kila aliyetoka uliitangazia tena: fulani hayupo, futeni njia yake. Nyumba zilikuwa mia tisa, na umeme wa Kisauni unazimika na kuwaka mpaka jokofu linachoka. Basi minara, badala ya kupitisha mambo ya watu, ilikaa kutwa ikisikiliza umbea, na wateja wakalalamika kwamba picha zinaganda.

Dawa yake inajulikana na kila mwanafunzi wa kazi hiyo. Mtambo unaamriwa kutoa tangazo moja tu: nyumba zote, kuanzia anwani hii hadi ile, ziko kwangu. Nani ameingia na nani ametoka inabaki siri ya mtambo. Kwa minara, kila mtu yupo daima. Zuleikha, binti wa Likoni mwenye diploma yake na ulimi wake, alilipendekeza jambo hilo wiki ya kwanza aliyoajiriwa, kabla hata ya kuchumbiwa, na Mansur alimkatalia kwa upole.

"Acha kila mtu atangazwe kwa jina lake," alisema. "Mtu akija ajulikane. Akitoka ajulikane."

Alilisema kwa namna ya mtu anayerudia maneno aliyofundishwa. Zuleikha hakubisha. Wakati huo alikuwa mgeni, na huyu alikuwa tajiri wake. Sasa alikuwa mkewe wa miezi minane, Mansur akimwita anaitika "abee" kabla jina halijaisha mdomoni, na ugeni ulikuwa umeshamtoka.

Siku ya pili, Jumatano, saa tisa na nusu, asumini ikaja tena. Zuleikha akainua macho kutafuta inakotoka, na badala ya harufu akamwona mumewe. Mansur alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Kwenye skrini palikuwa pameandikwa *kafedha ameingia*. Alilisoma lile jina, akaweka kikombe chini, akapeleka mkono shingoni, akaiweka sawa kola ya shati.

Ni hilo tu alilofanya. Lakini mwanamke anajua mwanamume anajiweka sawa kwa ajili ya nani, na Zuleikha, aliyekuwa akikaa naye mchana kutwa, hakuwahi kuwekewa kola. Wivu ulimshika hapo hapo, na tangu saa ile haukumwachia.

Akaanza kuhesabu mambo. Kwa nini mumewe hakuwahi kukubali waondoke ofisini kabla ya saa kumi na mbili kasoro? Yeye alidhani ni bidii, na aliwatambia dada zake Likoni kwamba amepata mume mchapa kazi. Siku hiyo alimtazama. Mansur alikaa akipekua karatasi zisizo na kitu, macho ukutani, mpaka saa kumi na moja na dakika arubaini, pakaandikwa *kafedha ametoka*. Ndipo aliposhusha pumzi na kusema, "Haya Zule, twende nyumbani."

Alhamisi asubuhi alilitafuta jina katika orodha ya wateja. Kulikuwa na Kai, kulikuwa na Kadzo, Kafedha hakuwamo. Akatazama jina hilo huingilia mnara gani. Kiembeni. Akatazama huingilia waya wa nyumba ipi, na alipoiona namba akaisoma tena, maana namba ile aliijua kwa moyo. Ilikuwa ya nyumba yao wenyewe.

Basi ndiyo hivyo, akajiambia. Mimi niko huku napangusa vumbi, na mwanamke anaingia kwangu mchana kweupe, anafungua intaneti yangu na kukaa.

Alhamisi jina liliingia mapema, saa saba na nusu. Zuleikha alisema anakwenda kununua kitambaa cha pazia, akashuka ngazi, akapanda bodaboda hadi Kiembeni. Alikuwa na hamu ya kufumania. Nje ya nyumba alimkuta jirani yao Margret, mwalimu mstaafu, akianua nguo kambani.

"Umetoka tena saa ngapi?" Margret aliuliza. "Si umeingia sasa hivi? Hata salamu yangu hukuitika. Nikasema, Zuleikha leo ana lake jambo."

"Mimi nimeingia?"

"Na leso yako ile ya zambarau."

Leso ya zambarau ilikuwa ya arusi, imefungiwa sandukuni na karafuu. Zuleikha akaenda mlangoni. Kufuli ya mlango ilikuwa imezungushwa mara mbili, kama alivyoiacha. Akafungua, na asumini ikamjia yote kwa pamoja, nzito, pamoja na ubaridi kama wa kisima.

Ndani hapakuwa na mtu. Mezani palikuwa na kikombe cha kahawa, nusu kimenywewa, na alipokigusa kilikuwa moto. Chumbani, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, na upande wa Mansur kikoi chake cha kulalia kimekunjwa pembe nne na kuwekewa vikuba viwili juu yake. Kitana chake mwenyewe Zuleikha kilikuwa na unywele mrefu, alipouvuta ulikuja, ukaja, ukapita urefu wa mkono wake, na alikuwa bado anauvuta aliposikia maji yakichotwa kwa kata bafuni, yakimwagwa, yakichotwa tena, polepole, kwa raha ya mtu aliye kwake, akaenda kwa vidole vya miguu mpaka kwenye mlango wa bafu, akausukuma, akaona sakafu kavu na kata imening'inia msumarini ikichuruzika tone moja moja, na nyuma yake, karibu kabisa na sikio, bangili ziligongana, kitu chenye ubaridi kikampita kikimgusa bega kama mtu anayepishana na mtumishi mlangoni, na simu iliyokuwa mkononi mwake, ambayo ilipokea matangazo yote ya ofisi, ikatetemeka.

*kafedha ametoka.*

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya sanduku la nguo. Sanduku lilikuwa limefungwa, na leso ya zambarau ilikuwa imeanikwa nyuma ya mlango, mbichi.

Mansur alirudi mapema siku ile, kwani tangazo la kutoka alikuwa ameliona pia. Alimkuta mkewe barazani na leso mapajani. Akaitazama leso, akaketi chini kwenye mkeka. Kisha akaanza mwenyewe.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaanza kumuota mwanamke. Nikiamka, mto wa pili unanukia asumini. Nikachumbia mara mbili, Zule. Wa kwanza alikimbia siku tatu kabla ya nikaha, hakusema sababu. Wa pili alipinda mdomo, mpaka leo. Mama akanipeleka Likoni kwa Mama Jumwa."

"Yule mganga?"

"Yule. Akasema huyu ni jini mahaba, ameshakuchagua, hatoki. Kitakachowezekana ni mapatano. Akija apige hodi, ajulikane. Akitoka aage, ajulikane. Na kukiwa na mke, mke asiwe ndani wakati yeye yumo. Nyumbani kwa mama hodi yake ilikuwa kutikisa mnyororo wa mlango. Tulipofungua kampuni, mnyororo ukanyamaza, na jina nikalikuta kwenye skrini. Wallahi sikumwandikisha mimi. Amehamishia hodi yake huku, basi. Ndiyo maana nataka litangazwe kila mnara, ili niwe popote nijue yumo au hayumo. Ndiyo maana unakaa ofisini nami mpaka atoke."

"Miezi minane," Zuleikha alisema.

"Ningekwambiaje?"

"Ana saa mbili kila siku. Alhamisi ana nne, nimezisoma kumbukumbu za mtambo. Mke mwenza hupewa zamu, Mansur, lakini mwenziwe huambiwa."

"Si mke."

"Ni mzuri?"

Mansur alikawia kidogo. Kukawia kwenyewe kulikuwa kwa pumzi moja, lakini Zuleikha alikupima.

"Sijawahi kumwona sawasawa," alisema.

"Sikukuuliza hivyo."

"Zule, tangu apewe hodi yake hajamdhuru mtu. Huja, hukaa, hutoka kabla ya maghrib. Ana haya zake."

Mwanamke mwingine angeogopa. Zuleikha aliogopa pia, tusimsingizie, lakini woga ulikaa nyuma na wivu ukakaa mbele. Maneno yote aliyoambiwa aliyasahau usiku ule ila hayo matatu ya mwisho. Ana haya zake. Mume anamtetea mtu wa namna gani kwa maneno kama hayo? Alilala akitazama dari, akajiapia kwamba jina lile halitamwingilia tena mumewe machoni.

Jumamosi alilifuta katika mtambo. Saa tisa na nusu likaingia, na Mansur akaweka sawa kola. Jumapili alibadilisha maneno yote ya siri ya waya wa nyumba yao. Saa tisa na nusu likaingia. Kola. Zuleikha akatazama ule mkono ukipanda shingoni na akahisi angeweza kuuma meza.

Jumatatu Mansur alikwenda Frere Town kubadilisha betri za mnara, na Chrispine akaja na malalamiko ya wateja.

"Madam, mimi nakuambia ukweli. Hii mitambo inachoka bure. Jana Kiembeni imepokea matangazo elfu ngapi sijui, fulani amekuja, fulani ameenda. Nani anataka kujua? Weka tangazo moja, tumalize hii maneno."

"Boss hataki."

"Boss ako juu ya mnara."

Angeweza kusema hapana. Alijua mapatano, alijua hodi ile ni ya nini, alikuwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa na mtu anayempenda. Lakini alijua pia kwamba tangazo lile moja likiwekwa, skrini ya ukutani itanyamaza, na jina lile halitapanda tena mbele ya mumewe hata likiingia mara mia. Akajiambia ni kwa ajili ya wateja. Akavuta kiti, na saa tatu asubuhi akaandika amri. Anwani zote za nyumba mia tisa akazifunga katika tangazo moja: *wote wako kwangu*. Akalipeleka minara mitatu.

Majina yakasimama. Skrini ikabaki nyeupe, tulivu. Saa moja haikupita, simu za shukrani zikaanza. Shule moja ya Kisauni ilisema watoto wanaona masomo bila kukwama, na mwanamke mmoja wa Frere Town aliwaombea dua ndefu. Chrispine alipiga makofi. Zuleikha aliwasha udi kidogo mezani, akanywa chai yake, na alipotazama ukuta ule usio na jina alihisi amefagia nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Saa tisa na nusu hapakuwa na asumini. Saa kumi Mansur alipanda ngazi, mikono michafu, akatazama ukuta, akasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimepunguza makelele."

"Zule. Yumo au hayumo?"

Zuleikha akageukia kompyuta. Akaingia ndani ya mtambo wenyewe, kwenye orodha ya nyumba zilizowashwa, akasoma majina moja moja huku Mansur amesimama nyuma ya kiti akihema. Kafedha hakuwamo.

"Basi hayumo," Zuleikha alisema. "Ameondoka. Nimemwondoa mimi."

Mansur akatoa simu yake mfukoni. Alipiga simu Likoni na kuiweka mezani ili wote wasikie. Mama Jumwa aliitika kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Hilo tangazo jipya linasemaje, mwanangu?"

"Linasema wote wapo," Zuleikha alisema.

"Hata asiyekuwapo?"

"Hata asiyekuwapo, mama. Kwa minara ni hivyo."

Mganga akaiweka simu kando kidogo. Walisikia kuku akilia kwao.

"Sikizeni," alisema. "Nyumba ina watu wa aina mbili. Anayepiga hodi ni mgeni. Asiyepiga hodi ni mwenyeji. Miaka ishirini na mmoja nimemweka huyu nje kwa hodi tu, sikuwa na dawa nyingine. Leo mmemwondolea. Amepita bila kubisha, na mlango mmeutangazia kwamba yumo. Sasa mwenyeji ni yeye. Mrudishieni hodi yake haraka, kabla hajakaa. Akishakaa, hodi ile haipotei hivi hivi. Itamwangukia mwingine."

"Itamwangukia nani?" Mansur aliuliza.

"Kiti cha mke ni kimoja, baba. Jaza mwenyewe."

Zuleikha alikuwa ameshavuta kiti. Kwa haraka akakosea amri mara mbili. Mansur akasema anashuka kutafuta ubani madukani, kwani Mama Jumwa ameagiza ufukizwe kwenye kabati. Kazi ilikuwa ya nusu saa, maana kila mnara ulipaswa kuambiwa peke yake usahau tangazo la asubuhi. Frere Town ukakubali. Kisauni ukakubali. Kiembeni ulikaa, ukakaa, kisha ukakubali, na skrini ya ukutani ikafurika majina, nyumba mia tisa zikitangazwa moja baada ya nyingine, ameingia, ameingia, ameingia, na Zuleikha akayasoma yote bila kupepesa, akaomba kwa moyo wote litokee lile jina alilokuwa akilichukia, akaliomba kama mtu anavyoomba maji, yakapita ya Kisauni, yakapita ya Frere Town, yakapita ya Kiembeni nyumba kwa nyumba hadi kwao, na kwao palikuwa kimya.

Chrispine akaingia na mfuko wa misumari. Alipomwona akashtuka.

"Madam, si uko nyumbani?"

"Nimekuwa nyumbani saa ngapi? Mansur yuko wapi?"

"Ameenda na bodaboda. Umempigia simu hapo chini, nimesikia sauti yako mimi mwenyewe. Umemwambia umefika nyumbani, umepika, awahi." Chrispine alijikuna upara. "Alifurahi sana, madam."

Simu ya Zuleikha ilikuwa mezani, imechomekwa chaji.

Aliinyakua, akashuka ngazi bila viatu. Bodaboda aliyempata alimwangalia miguu lakini hakuuliza. Njia nzima, Bamburi yote, alimpigia Mansur, na kila mara simu iliita mpaka mwisho. Walipokaribia Kiembeni dereva akageuza shingo kidogo.

"Mama, usinielewe vibaya. Unanukia vizuri sana."

Zuleikha alinusa mkono wake, akaushusha haraka.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Margret alikuwa kibarazani kwake akichambua mchele. Aliinua macho akamtazama Zuleikha, macho ya adabu, ya mtu anayemtazama mgeni.

"Karibu mama. Unamtafuta nani?"

"Margret, ni mimi."

"Wenyewe wapo," Margret alisema kwa upole, akionyesha kwa kidole. "Mume ameingia sasa hivi, na mkewe yumo tangu asubuhi. Piga hodi tu, watakufungulia. Ni watu wazuri."

Ufunguo uliingia lakini haukuzunguka. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Zuleikha akaenda dirishani. Pazia lilikuwa limefungwa nusu, na kwa ile nusu iliyobaki alimwona Mansur ameketi mkekani mbele ya sinia, ameshanawa mikono, uso wake umelegea kwa raha ambayo Zuleikha hakuwahi kuiona ofisini. Jikoni kulisikika bangili.

"Zuleikha!" Mansur aliita.

"Abee," ikaitika sauti ya jikoni, kabla jina halijaisha. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na kile kikohozi kidogo anachokuwa nacho akiwa amevuta moshi wa mkaa.

Zuleikha alishika nondo za dirisha. Alitaka kusema Mansur, fungua, mimi ndiye mkeo, tazama huku. Aliyapanga maneno yote kinywani, akayasukuma kwa nguvu zake zote, na kilichotoka kilikuwa neno moja, la chini, la haya.

"Hodi."

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Ndani, simu ya Mansur ikatetemeka mkekani wakati ule ule. Zuleikha hakutaka kutazama, akatazama.

*zuleikha ameingia.*

Mwanamke akatokea jikoni na sahani, amejifunga leso ya zambarau, uso wake upande wa kivuli. Alisimama ghafla, akanusa hewa.

"Mume wangu, kuna asumini. Ni nani?"

Mansur alisoma simu yake bila kushangaa, kana kwamba jina lile halikuwa la mkewe. Akaiweka chini polepole, bila kuelekeza macho dirishani.

"Ni yule," alisema. "Usiogope, mke wangu. Ana haya zake. Hutoka mwenyewe kabla ya maghrib."

Kisha akapeleka mkono shingoni, na akaiweka sawa kola ya shati. Zuleikha aliuona ule mkono. Alisimama pale dirishani akiungua kwa wivu juu ya sinia lile, juu ya leso yake, juu ya mwanamke aliyekaa alipopaswa kukaa yeye, na chini ya kuungua kote huko, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo kwamba kola ile sasa iliwekwa sawa kwa ajili yake.